Fasihi ya Kiingereza na Sanaa za Maonyesho katika Shahada Moja: Mwongozo Kamili

Kazi ya fasihi unaweza kuiahirisha hadi usiku wa manane na asijue mtu. Mazoezi ya jukwaani hayaahirishiki: ukichelewa dakika 20, wenzako watano wamesimama ukumbini wanakusubiri wewe. Kwa sababu hiyo wengi wanaochukua masomo haya mawili kwa pamoja hung'ara upande wa thieta muhula wa kwanza, huku insha zao za fasihi zikiporomoka. Kuandika wanajua, muda wa kusoma ndio ulioliwa na mazoezi. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unalenga kuziba pengo hilo.

Mwongozo unafuata shahada ya miaka mitatu ya England, kwa kuwa huko masomo haya mawili hutolewa kama kozi moja yenye jina lake. (Scotland ni miaka minne.) Anayesoma Dar es Salaam, Nairobi au Makerere huenda akayakuta katika idara tofauti, na hapo itambidi apange mwenyewe ratiba na mwunganiko wake. Huyo anaweza kuanzia hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Tazama mgawanyo wa kozi kabla ya jina la chuo

Kozi zenye majina yanayofanana huwa tofauti kabisa ndani. Warwick, Queen Mary ya London, Bristol na Exeter ni miongoni mwa vyuo vinavyojulikana kwa mchanganyiko huu. Bristol ndiko idara ya kwanza ya tamthilia katika chuo kikuu cha Uingereza ilikoanzishwa, mwaka 1947. Kozi hufutwa na kubadilishwa, kwa hiyo fungua ukurasa wa kozi yenyewe kwa mwaka unaotaka kuanza, kisha tafuta mambo manne.

La kwanza ni krediti. Mwaka mmoja una krediti 120, shahada nzima 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, yaani darasani pamoja na kujisomea. Angalia ni krediti ngapi za fasihi na ngapi za thieta kila mwaka, kwani zipo kozi zinazoanza nusu kwa nusu halafu mwaka wa tatu zikakuachia uchague upande mmoja tu. La pili, ni moduli (yaani masomo madogo yanayounda kozi) ngapi za thieta ni za vitendo na ngapi ni za mihadhara na insha. La tatu ni alama za vitendo: zinatolewa kwa kundi zima, kwa mtu mmoja mmoja, au kwa vyote viwili? La nne, ukumbi wa mazoezi unapatikanaje nje ya vipindi. Chuo chenye studio mbili na wanafunzi wengi kitakufanya ufanye mazoezi saa tatu usiku.

Jambo moja huwaumiza watu mapema: shahada ya thieta chuo kikuu si shule ya uigizaji. Anayetaka kufundishwa sauti, mwili na kuigiza mbele ya kamera siku tano kwa wiki aende RADA, LAMDA na shule za namna hiyo, ambako huingii bila usaili wa kuigiza. Chuo kikuu kitakutaka ueleze kwa nini onyesho fulani lilifanya kazi, na kuigiza kutakuwa njia mojawapo ya kulipata jibu.

Hatua ya 2: Maombi

Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, na unaruhusiwa machaguo 5. Oxford na Cambridge hufunga tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia. Kozi nyingine nyingi zina tarehe ya Januari. Maelezo binafsi sasa ni majibu ya maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nini kingine umefanya nje ya darasa. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue herufi 350.

Usianze kwa kusema unapenda kuigiza tangu utotoni. Wasomaji wa maombi wameshaisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko wanavyotaka. Chagua tamthilia moja uliyoisoma na kuiona ikichezwa, hata kama ni Kinjeketile iliyochezwa ukumbini shuleni, ueleze uamuzi mmoja tu wa mwongozaji: umati uliwekwa wapi, maji yalionyeshwaje, nani alisimama mgongo kwa hadhira. Kisha sema uamuzi ule uligeuza vipi maana uliyokuwa umeipata ulipokuwa ukisoma peke yako. Aya moja ya namna hiyo inaonyesha masomo yote mawili kwa mpigo.

Upande wa sifa, kidato cha sita cha Tanzania chenye mchepuo wa HKL au HGL hukubaliwa na baadhi ya vyuo, vingine hutaka kwanza mwaka wa msingi, yaani wa maandalizi kabla ya shahada. Aliyemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, mara nyingi huelekezwa kwenye mwaka huo wa msingi. Kwa kozi ya fasihi, alama ya IELTS (mtihani wa kupima Kiingereza) inayoombwa mara kwa mara ni 7.0. Ada ya mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida huzidi pauni 20,000 kwa mwaka, na waombaji wa viza kutoka Afrika Mashariki hutakiwa kupima kifua kikuu.

Kuna sharti la viza ambalo wanafunzi wa thieta hulikosa. Viza ya mwanafunzi huruhusu kazi ya saa chache kwa wiki wakati wa muhula, ila inakataza kujiajiri na inakataza kazi ya burudani, na kuigiza kwa malipo kumo humo. Kucheza kwenye onyesho la kozi ni sawa. Ukialikwa kwenye filamu fupi ya mtaani yenye posho, nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na usisaini kitu kabla hujajibiwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya wiki, kisha ya muhula

Krediti 120 ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za mwaka wa masomo unapata saa 40 kwa wiki. Vipindi vyenyewe huenda visizidi saa 12, kwa hiyo zaidi ya saa 25 ni zako kuzipanga, na hapo ndipo mambo huharibika.

Jipime kasi yako ya kusoma. Chukua riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19, soma saa moja ukiandika maelezo pembeni, uhesabu kurasa. Ukisoma kurasa 30 kwa saa, riwaya ya kurasa 400 inakula saa 13 na zaidi. Middlemarch, yenye kurasa kama 800, ni saa 27, na haitaingia katika wiki yenye mazoezi. Riwaya ndefu zisomwe likizo ya kiangazi, mara tu orodha ya vitabu inapotoka. Anza na nene zaidi, hata kama inafundishwa wiki ya tisa. Mashairi na tamthilia unaweza kuziacha zisomwe ndani ya muhula, maana tamthilia ya kawaida ni saa 2 hadi 3 kwa usomaji wa kwanza.

Kisha chora karatasi moja kubwa ya muhula. Idara mbili hazipangi tarehe kwa pamoja, na kila moja hudhani wewe ni wake peke yake. Andika kwa rangi mbili tarehe za insha, za maonyesho na za wiki ya taa na sauti. Utakuta wiki ambamo insha ya maneno 3,000 inaangukia siku tatu kabla ya onyesho. Usisubiri ifike. Jiwekee tarehe yako mwenyewe ya kumaliza insha hiyo, wiki mbili nyuma. Kuomba nyongeza ya muda kwa sababu ya mazoezi mara nyingi hukataliwa, kwa kuwa onyesho ni kazi ya kozi iliyotangazwa mapema, si dharura.

Asubuhi mbili kwa wiki ziwe za fasihi tu, na kundi lako lijue hivyo tangu wiki ya kwanza. Mazoezi yajazwe kwenye jioni. Ukiacha ratiba wazi, kundi litaijaza.

Hatua ya 4: Soma tamthilia mara tatu

Mara ya kwanza soma moja kwa moja, bila kusimama kutafuta maana ya kila neno. Mara ya pili soma na tanbihi. Mara ya tatu soma kwa sauti, umesimama, mkiwa wawili au watatu. Wengi huishia mara ya pili.

Chukua Macbeth, sehemu ya pili, onyesho la pili. Macbeth ametoka kumwua mfalme Duncan akiwa usingizini. Mkewe anamsubiri chini. Mke anauliza "Did not you speak?" Mume: "When?" Mke: "Now." Mume: "As I descended?"

Ukitazama ukurasani ni vipande vinne vifupi. Hesabu mizani: 4, 1, 1, 5. Jumla 11, yaani mstari mmoja wa kawaida wa Shakespeare wenye mizani 10 na moja ya ziada mwishoni isiyo na mkazo. Watu wawili wanagawana mstari mmoja. Mwanafunzi wa fasihi ataandika kwamba mgawanyo huo unaonyesha hofu. Mwanafunzi wa thieta atausoma kwa sauti na kugundua jambo la ziada: ukivuta pumzi kati ya vipande, mstari unavunjika, na watu hawa wawili wanaonekana wametulia. Vipande lazima vigongane. Sasa jaribuni kinyume, kwa kunyamaza sekunde mbili kila baada ya kipande, msikie kinachopotea na kinachopatikana. Majaribio hayo mawili, yakiandikwa vizuri, ni aya nzima ya insha.

Endelea na visu. Zaidi ya mistari 30 baada ya kumtambua mumewe, mke ndipo anapouliza kwa nini amekuja na visu vile. Kabla ya hapo mume ameshaitazama mikono yake na kusema ni kitu cha kusikitisha kukiona. Sasa visu viko wapi muda wote huo? Mke havioni, anajifanya havioni, au mwili wa mume umevificha? Kitabu hakisemi, mwigizaji hawezi kukwepa kujibu, kwa sababu visu viko mkononi mwake. Kila jibu linazaa mke mwingine: aliyepigwa na bumbuwazi, au aliyeona mapema na kungoja mume atulie kwanza.

Hapo ndipo inafaa kujua tamthilia hii ilichezwa wapi. Globe, ukumbi wa kampuni ya Shakespeare mjini London, ilikuwa wazi juu na michezo ilifanyika mchana. Giza la usiku wa mauaji halikuletwa na taa, lililetwa na maneno: mke anamsikia bundi, anasikia nyenje, kila mmoja anamwuliza mwenzake kama amesikia kitu. Msomaji wa kwetu hahitaji tanbihi kumwambia bundi ana habari gani. Ila usiishie kwenye mkosi wa bundi, kwa maana sauti zile zinafanya pia kazi ya taa.

Kagua pia maelekezo ya jukwaani. Macbeth ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1623, katika Folio, kitabu kilichokusanya tamthilia za Shakespeare, na hakuna chapa ya kale zaidi. Humo Macbeth anaelekezwa kuingia mapema, kabla ya kuita "nani huyo", kwa hiyo kwa mistari kadhaa wote wawili wako jukwaani bila kuonana. Wahariri wengi wa sasa husogeza kuingia kwake mbele na kuandika kwamba sauti inatoka ndani. Karibu kila kilichowekwa katika mabano ya mraba ni cha mhariri. Kwa Hamlet hali ni nzito zaidi, kwani ina chapa tatu zinazotofautiana, ya 1603, ya 1604–5 na ya 1623. Nunua toleo lenye maelezo ya matini na uandike jina la toleo hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Namba za mistari hutofautiana toka toleo hadi toleo, na kundi lenye matoleo manne litapoteza robo saa kila likitafuta mstari.

Hatua ya 5: Onyesho ni matini pia

Tazama onyesho moja kila wiki mbili ikiwezekana, na si lazima liwe ghali. Globe ya sasa, iliyofunguliwa London mwaka 1997, huuza tiketi za kusimama uwanjani kwa bei yake ya chini kabisa. Kumbi nyingi zina bei ya vijana au ya wanafunzi. Maktaba za vyuo hulipia mikusanyo ya maonyesho yaliyorekodiwa.

Kuandika gizani huku ukitazama hakusaidii. Andika ndani ya saa 24, kwa mpangilio huu: chora jukwaa, taja nyakati tatu tu unazozikumbuka kwa macho, kwa kila moja sema nani alikuwa wapi, taa ilikuwaje, sauti gani ilisikika, hadhira ilifanya nini. Hukumu ije mwisho. "Lilikuwa zuri sana" haina matumizi miezi sita baadaye, lakini "mke alizima mshumaa kabla ya mume kumaliza sentensi" utaitumia. Video ina hasara yake: kamera imeshakuchagulia pa kutazama. Ukiandika kuhusu rekodi, sema ni rekodi.

Hatua ya 6: Mazoezi na siasa za kundi

Kanuni ya kawaida ni saa moja ya mazoezi kwa kila dakika ya onyesho. Kipande cha dakika 20 kinataka saa 20, mbali na siku ya taa na sauti. Kwa wiki sita ni karibu saa tatu na nusu kila wiki. Panga vipindi viwili vya chini ya saa mbili. Kipindi cha saa nne huishia kwenye soga.

Gawaneni kazi siku ya kwanza. Wote watataka kuigiza na hakuna atakayetaka kuwa msimamizi wa jukwaa, na hili ndilo kosa linaloangusha makundi mengi. Msimamizi ndiye mwenye funguo, orodha ya vifaa, fomu ya usalama na nakala ya tamthilia iliyoandikwa kila mtu anaingia lini na kutokea wapi. Kama alama ni za mtu mmoja mmoja, kazi hiyo ni njia nzuri ya kuzipata, kwa kuwa ushahidi wake umeandikwa.

Fungeni matini wiki mbili kabla ya onyesho. Baada ya hapo hakuna kukata mistari wala kuongeza wimbo. Visu, moto, damu bandia, ngazi na kupigana vinahitaji idhini ya idara kwa maandishi, na fomu huchukua siku kadhaa. Damu bandia ijaribiwe kwanza kwenye kitambaa cha maleba, kwani nyingine haitoki. Mwenzenu asiyetokea mara mbili, mwambieni mhadhiri mapema na kwa maandishi. Malalamiko yanayoletwa baada ya onyesho huonekana kama visingizio.

Kila baada ya mazoezi andika nusu ukurasa: tulijaribu nini, kilishindikana wapi, tuliamua nini na kwa sababu gani. Wasahihishaji wa jalada la kazi hutafuta sababu za maamuzi. Picha na shajara ya hisia haziongezi alama nyingi.

Hatua ya 7: Insha kwa idara mbili

Idara mbili husoma insha kwa macho tofauti. Fasihi hutaka hoja itokane na maneno ya matini; ukirukia jukwaa bila kuyanukuu, utaambiwa hujasoma kwa makini. Thieta hutaka hoja itokane na tukio: mahali, mwaka, kampuni, miili, hadhira. Ukichambua taswira kurasa tatu bila kutaja onyesho lolote, utaambiwa umeandika insha ya fasihi. Kabla ya kuandika, soma vigezo vya usahihishaji vya idara husika, si vya idara zote mbili kwa wastani. Alama 70 na kuendelea ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu.

Mambo madogo yanayokula alama: matini ya Shakespeare hunukuliwa kwa sehemu, onyesho na mstari, mfano 2.2.16, si kwa ukurasa. Yaliyomo katika matini huelezwa kwa wakati uliopo, na onyesho fulani lililokwisha huelezwa kwa wakati uliopita. Mhusika na mwigizaji wasichanganywe: Macbeth anaogopa, mwigizaji alitetemesha mkono. Mtindo wa marejeo unaweza kutofautiana kati ya idara, kwa hiyo tumia programu ya kuhifadhi marejeo tangu mwaka wa kwanza, ubadilishe mtindo kwa kubofya badala ya kuandika upya usiku wa kukabidhi.

Unachokijua kutokana na mazoezi kinaruhusiwa katika insha ya fasihi, ila usiandike "tulipoigiza tuliona". Kigeuze kiwe hoja kuhusu matini: mstari uliogawanywa haumruhusu mwigizaji kutulia, na hii hapa hesabu ya mizani.

Hatua ya 8: Tasnifu

Kwa kawaida ni maneno 8,000 hadi 10,000, mwaka wa tatu. Chagua mada mwishoni mwa mwaka wa pili, na uulize mapema msimamizi atatoka idara ipi. Wakiwa wawili, mmoja awe ndiye mwenye neno la mwisho, kwa maandishi.

Msomaji wa Kiswahili ana nyenzo ambazo wenzake darasani hawana. Nyerere alitafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice. Mwaka 2012 kampuni ya Kenya iliicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika Globe ya London, ndani ya tamasha lililokusanya tamthilia za Shakespeare kwa lugha 37. Ebrahim Hussein aliitafsiri mwenyewe Kinjeketile kwa Kiingereza. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na fasihi yenye Afrika katikati. Kila moja ya hizo ni tasnifu, mradi ubane swali hadi onyesho moja au tukio moja.

Kwa maonyesho ya zamani nenda kwenye hifadhi. Kumbukumbu za Royal Shakespeare Company ziko kwa Shakespeare Birthplace Trust, Stratford-upon-Avon. National Theatre ina hifadhi yake London. Chuo Kikuu cha Bristol kina mkusanyo mkubwa wa thieta. Andika kuomba nafasi wiki kadhaa kabla, ukitaja jina la onyesho na mwaka. Beba penseli, kwani wino hauruhusiwi mezani, na uulize kama picha zinaruhusiwa. Omba kwanza nakala ya msimamizi wa jukwaa, ile yenye alama za kila taa, sauti na mwendo, kabla ya picha za magazeti. Ndimo utakamoona mistari iliyokatwa, na pale kwenye visu, nani alisimama wapi.